Kamera mikononi mwa watu wote

Zamani kupiga picha kulikuwa kazi ya mafundi tu. Mwaka 1877 George Eastman, karani wa benki huko Rochester, Marekani, alinunua kamera pamoja na vioo na dawa: mzigo mzito! Akamlipa fundi dola 5 amfundishe. Baadaye akarahisisha kazi hiyo, na mwaka 1900 Brownie yake iliuzwa dola 1. Hata watoto wakajifunza.

Sisi Wakongo twajua faida yake. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Ulaya na Marekani wakaiona. Mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwa Leopold II.

Basi, msomaji mpenzi unayeanza kujifunza, kamera yako ishuhudie kweli.