Maombi ya Utafiti Kabla ya Shahada: Historia ya Ufadhili wa Likizo katika Sayansi na Uhandisi huko Marekani

Katika vyuo vikuu vya Kongo, chini ya mfumo wa graduwa na lisanse uliotokana na mageuzi ya mwaka 1971, mwanafunzi alikutana na utafiti mwishoni mwa safari yake: kwanza katika kazi ya kumaliza graduwa, kisha katika tasnifu ya lisanse. Kabla ya hapo alisikiliza, aliandika aliyoyasikia, na siku ya mtihani aliyarudisha kwa mwenyewe. Huko Marekani nako mambo hayakutofautiana sana kwa muda mrefu, isipokuwa kwa wachache waliobahatika kupendwa na profesa. Jinsi desturi hiyo ilivyolegezwa katika matawi ya sayansi na uhandisi ni historia inayostahili kuchunguzwa, kwani inahusu mambo mawili ambayo waandishi wa historia ya elimu huyapita upesi: karatasi ya maombi na pesa ya likizo.

Hapana budi kuanza na pesa. Likizo ndefu ya vyuo vya Marekani huangukia miezi ya Juni hadi Agosti, msimu wao wa joto. (Msomaji wa Lubumbashi, ambaye kiangazi chake ni miezi hiyohiyo lakini hukipitisha akiwa amevaa sweta, atastahimili tafsiri.) Kwa mwanafunzi wa familia isiyo na uwezo, miezi hiyo ilikuwa ya kutafuta karo: kiwandani, shambani, katika hoteli. Aliyeweza kukaa katika maabara bila mshahara ni yule ambaye baba yake alikwisha kulipa. Kwa hiyo utafiti wa bure, hata ulipotangazwa kuwa wazi kwa wote, ulikuwa umefungwa kwa wengi.

Dola ya Marekani ilianza kulitazama jambo hili kwa sababu za vita. Mwezi wa Julai 1945 mhandisi Vannevar Bush alimkabidhi Rais Truman ripoti iliyodai kwamba serikali igharimie utafiti wa msingi na iwasomeshe vijana wenye vipaji, wala umaskini usiwe kizuizi. Mfuko wa Taifa wa Sayansi, yaani NSF, ukaundwa mwaka 1950. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, hofu ilifungua mikoba iliyokuwa imefungwa, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 NSF ikawa inatoa fedha za kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti.

Lakini wazo lenyewe lilitangulia Sputnik. Tarehe 22 Mei 1957, miezi minne na ushei kabla ya chombo hicho kuruka, Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid, alitoa hotuba katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Alishauri kila mwanafunzi apewe swali lake la utafiti tangu mwaka wa kwanza, pamoja na mkubwa wa kumwongoza. Inafaa kukumbuka kwamba msemaji huyo aliacha masomo ya Harvard bila kupata shahada. Ilipita miaka kumi na miwili hadi mwanafizikia Margaret MacVicar, aliyesoma MIT hiyohiyo na akiwa bado katika miaka ya ishirini ya umri wake, akaanzisha mwaka 1969 mpango uitwao UROP, kwa msaada wa fedha za Land. Mwanafunzi aliweza kushiriki kwa malipo au kwa alama za masomo, wakati wa muhula au wa likizo. Alichotakiwa kwanza ni kumtafuta profesa mwenyewe na kukubaliana naye kazi itakayofanywa. Jambo hilo la kubisha mlango laonekana dogo. Kwa kijana aliyelelewa kumwogopa mwalimu ni mapinduzi.

Hatua iliyofuata yahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mwaka 1979 Taasisi ya Teknolojia ya California, Caltech, ilianzisha SURF, mpango wa likizo wa wiki kumi. Hapa mwanafunzi haandiki barua ya kusihi. Kwa msaada wa mwalimu atakayemwongoza, huandika andiko la utafiti kamili: swali ni lipi, wengine wamelijibu hadi wapi, litashughulikiwa kwa njia gani, na kila juma litatumikaje. Walimu hulisoma na kulipima. Akikubaliwa hupewa posho, na katikati ya likizo hutoa taarifa za maendeleo; mwishoni huandika makala na kusimama mbele ya hadhira kuieleza kazi yake. Yaani mwanafunzi wa miaka ishirini hupitishwa katika njia ileile ambayo profesa huipita anapotafuta fedha zake.

Kiswahili kina neno moja, maombi, kwa dua ya kanisani na kwa karatasi ya ofisini, na labda ndiyo sababu barua nyingi za wanafunzi wetu huanza kwa unyenyekevu na kumalizia kwa kueleza shida za nyumbani. Andiko la aina ya SURF halikatazi unyenyekevu, ila haliupi alama. Mwenye shida kubwa na swali bovu hushindwa na mwenye swali zuri. Kama hilo ni haki kamili, ni suala la kujadiliwa: swali zuri hutokana pia na shule nzuri.

Serikali nayo ilikuwa ikirudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya Rais Reagan, bajeti ya elimu ya sayansi katika NSF ilifyekwa, na ufadhili ule wa wanafunzi ukafa nayo. Kanada wakati huo ilikuwa imeelekea upande mwingine, kwani mwaka 1980 baraza lake la sayansi asilia na uhandisi lilianzisha posho za wanafunzi za wiki kumi na sita. Mwaka 1986 tume iliyoongozwa na mwanafizikia Homer Neal iliionya NSF kuhusu hali ya masomo ya shahada ya kwanza, na mwaka 1987 ukazaliwa mpango wa REU.

Utaratibu wa REU huwachanganya wengi. Mwanafunzi hamwandikii NSF. Profesa ndiye huomba fedha za kufungua kituo chuoni pake. Kisha mwanafunzi hukiomba kituo, kwa kawaida katika miezi ya mwanzo ya mwaka, akituma alama zake, maelezo ya anachotaka kuchunguza, na barua za walimu. Kituo hutakiwa kupokea sehemu kubwa ya wanafunzi kutoka vyuo vingine, hasa visivyo na maabara za kutosha, na kwa sharti hilo ile kero ya kupendwa na profesa wa nyumbani imepunguzwa nguvu.

Sharti jingine ni la uraia: posho za REU ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Mkongomani aliyeandikishwa huko kwa viza ya masomo, hata akiwa wa kwanza darasani, hawezi kulipwa kwa fedha hizo. Hubakiwa na milango ya chuo chake. UROP humpokea mwanafunzi wa MIT bila kujali pasipoti yake, na huko hatua ya kwanza bado ni kwenda kwa profesa na kumwambia anachotaka kufanya.