Michezo ya video au bunduki? Swali la Marekani mbele ya Gatumba

Usiku wa Jumapili, Septemba 18, 2011, watu waliovalia sare za kijeshi waliivamia baa moja huko Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo. Wateja wakamiminiwa risasi na kurushiwa maguruneti. Watu wasiopungua 36 waliuawa.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imebatilisha sheria ya jimbo la California iliyokataza watoto kuuziwa michezo ya video yenye ukatili. Mjadala huo ulishika kasi tangu mwaka 1999, pale wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, wapenzi wa mchezo uitwao Doom, walipowaua watu 13. Majaji walisema tafiti zilizowasilishwa hazikuthibitisha kwamba michezo hiyo huwafanya watoto watende ukatili.

Vijana wa Japani na Korea Kusini hucheza michezo hiyo hiyo, lakini mauaji ya namna hii ni nadra kwao. Kinachoitofautisha Marekani ni silaha: mwaka 2018 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kuwa raia wake wanamiliki bunduki milioni 393, idadi inayozidi ya wakazi.

Mzazi wa Buyenzi anayemwona mwanawe ameganda mbele ya skrini ana haki ya kuulizia masomo. Lakini Burundi ilizoea milio ya risasi kabla ya skrini hizo kuenea. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitapakaza silaha hadi majumbani. Mwaka 2007 taasisi hiyo hiyo ilikadiria kuwa kaya zipatazo 100,000 zilikuwa nazo.

Hata hivyo, bunduki peke yake haichagui wa kulengwa. Gatumba hiyo hiyo, Agosti 13, 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini, na waasi wa FNL wakakiri kuhusika. Shambulio la 2011 nalo lilitokea mwaka mmoja baada ya upinzani kususia uchaguzi. Uhasama wa kisiasa na wa kikabila ndio ulioelekeza mtutu. Wingi wa silaha ukaongeza maiti.

Mwaka 2009 serikali iliwapa raia muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Mwaka 2015, muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza ulipopingwa, maguruneti yalilipuka tena katika mitaa ya Bujumbura.