Jamhuri Morogoro: Mashabiki Wanapohamia Uwanja wa Nyumbani wa Muda

Jumatano ya Machi 6, 2024, Klabu ya Simba ya Dar es Salaam iliikaribisha Tanzania Prisons ya Mbeya katika mchezo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mchezo huo haukuchezwa Dar es Salaam, bali katika Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro, takribani kilomita 190 kutoka makao ya klabu hiyo. Kwa mujibu wa ratiba Simba ilikuwa nyumbani, lakini shabiki wake wa Kariakoo au Temeke alilazimika kuomba ruhusa kazini, kupanda basi na kurejea usiku. Prisons waliondoka na ushindi wa mabao 2-1.

Mchezo huo ni mfano mmoja wa jambo ambalo limekuwa la kawaida katika soka la Tanzania na Afrika Mashariki, nalo ni timu kutumia uwanja wa nyumbani wa muda. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, sababu zake na namna unavyomgusa shabiki, kwa kutumia mfano wa Mkoa wa Morogoro, ambao kwa nyakati tofauti umepokea timu za nje na pia umeshuhudia timu yake yenyewe ikihama.

Maana ya uwanja wa nyumbani

Kikanuni, uwanja wa nyumbani ni ule ambao klabu imeuwasilisha kwa mamlaka za ligi na kukubaliwa kwa ajili ya michezo ambayo klabu hiyo ni mwenyeji. Si lazima klabu iumiliki. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani vinamilikiwa na Chama Cha Mapinduzi, vingine ni vya Serikali, halmashauri, majeshi, kampuni au klabu zenyewe. Klabu inaweza kuwa mwenyeji mahali ambapo haina hata ofisi, ilimradi uwanja umekaguliwa na kuonekana kukidhi matakwa.

Ukaguzi huangalia hali ya eneo la kuchezea, vyumba vya wachezaji na waamuzi, uzio, milango ya kuingilia na kutokea, vyoo, huduma ya kwanza, pamoja na usalama wa watazamaji. Uwanja ukibainika kuwa na kasoro unaweza kuzuiwa hadi kasoro hizo zirekebishwe, na hapo klabu hulazimika kutafuta kwingine.

Ikumbukwe kwamba viwanja viwili vinaweza kuwa halali na bado vikatofautiana. Sheria za mpira wa miguu huruhusu urefu wa kati ya mita 90 na 120, na upana wa kati ya mita 45 na 90. Kwa michezo ya kimataifa urefu ni mita 100 hadi 110 na upana mita 64 hadi 75. Kisichobadilika ni goli, ambalo lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kwa hiyo mchezaji aliyezoea uwanja mwembamba wenye nyasi nzito huhitaji muda kuzoea uwanja mpana wenye nyasi fupi, hata kama wote wanamwita mwenyeji.

Morogoro na soka

Manispaa ya Morogoro imekaa chini ya Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake huzidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Maji ya milima hiyo hulisha Mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Dar es Salaam. Mji upo katika njia panda ya barabara kuu ziendazo Dodoma na Iringa, na ni sababu mojawapo ya Jamhuri kutazamwa kila mara timu ya Dar es Salaam inapotafuta uwanja nje ya jiji.

Hata hivyo, Morogoro haikuingia katika soka kwa kukaribisha wageni pekee. Mwaka 1975 timu ya Mseto ya mjini humo ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara na kuwa ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Miaka mingi baadaye Mtibwa Sugar, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika mashamba ya miwa ya Turiani, Wilaya ya Mvomero, ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Mwaka 2018 iliongeza Kombe la Shirikisho baada ya kuifunga Singida United mabao 3-2 jijini Arusha.

Kutoka Manungu hadi Jamhuri

Mtibwa ndiyo inayoonesha vizuri zaidi gharama ya kuhama. Uwanja wake wa Manungu upo ndani ya eneo la mashamba, chini ya Milima ya Nguru. Mfanyakazi wa kiwanda aliyemaliza zamu hufika uwanjani kwa miguu, na mkulima wa miwa huja kwa baiskeli. Mchezo unapohamishiwa mjini Morogoro, mtu huyohuyo husafiri takribani kilomita 100, yaani kutoka chini ya mlima mmoja hadi chini ya mwingine, na umbali kama huo tena wakati wa kurudi.

Katika msimu wa 2020/2021 Mtibwa ilitumia Jamhuri kuzikaribisha timu kubwa. Septemba 12, 2020 ilitoka sare ya bao 1-1 na Simba uwanjani hapo, na Septemba 27 mwaka huohuo ikafungwa na Yanga bao 1-0. Simba na Yanga zina wafuasi wengi karibu katika kila mji wa Tanzania, Morogoro ikiwemo. Mwenyeji anayecheza mjini dhidi ya timu hizo anaweza kujikuta jukwaa kubwa linashangilia mgeni, wakati watu wake wenyewe wamebaki Turiani wakisikiliza redio.

Michezo ya vigogo iliporejea Manungu, furaha ya wenyeji ilikuwa na msingi. Januari 22, 2022 Mtibwa iliilazimisha Simba suluhu katika uwanja huo. Februari 23 Yanga nao walifika Manungu na kushinda mabao 2-0. Wakazi wa Turiani waliwaona wachezaji wa timu ya taifa mlangoni kwao, na mama lishe, waendesha bodaboda na wauza jezi walipata siku ya biashara ambayo awali ilikwenda mjini.

Uwanja wa nyumbani, hata hivyo, hauwi kinga peke yake. Mei 13, 2024 Yanga ilishinda 3-1 Manungu na kuthibitisha ubingwa wake wa 30 mbele ya wenyeji, na mwisho wa msimu huo Mtibwa ikashuka daraja. Ilirejea Ligi Kuu baada ya kutwaa ubingwa wa Ligi ya Championship msimu wa 2024/2025.

Sababu za timu kuhama

Sababu ya kwanza ni kasoro za uwanja. Ya pili ni ukarabati. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, ulifanyiwa ukarabati mwaka 2023 kabla ya kuwa mwenyeji wa ufunguzi wa michuano ya African Football League, Oktoba 20, kati ya Simba na Al Ahly ya Misri. Ukarabati uliendelea kwa awamu kutokana na Tanzania, Kenya na Uganda kupewa, Septemba 27, 2023, uenyeji wa pamoja wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Nyasi haziwezi kuoteshwa huku zikichezewa kila wiki, hivyo klabu zinazotumia viwanja vya Serikali hulazimika kupisha.

Hali hii haipo Tanzania pekee. Wakati viwanja vya Kasarani na Nyayo vilipokuwa katika matengenezo, timu ya taifa ya Kenya ilicheza michezo yake ya nyumbani ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, Juni 2024. Baadaye mwaka huo iliikaribisha Cameroon mjini Kampala, Uganda. Shabiki wa Nairobi aliyetaka kuiona timu yake ikiwa nyumbani alihitaji kusafiri nje ya nchi. Timu hiyo ilirejea Nyayo Machi 2025.

Usafiri na gharama

Kwa shabiki wa kawaida, tiketi ya mchezo mara nyingi si gharama kubwa kuliko nyingine. Nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea ndivyo humfanya aamue kubaki. Mchezo wa katikati ya wiki huongeza ugumu huo, kama ilivyokuwa Machi 6, 2024. Kupungua kwa watazamaji huigusa klabu pia, kwa kuwa mapato ya mlangoni, baada ya makato ya kikanuni, ni sehemu ya kipato chake. Klabu iliyohama hulipia pia safari na malazi ya kikosi ambacho kingelala nyumbani.

Kati ya Dar es Salaam na Morogoro hali ya usafiri imebadilika. Juni 14, 2024, miezi mitatu baada ya mchezo wa Simba na Prisons, Shirika la Reli Tanzania lilianza safari za abiria za treni ya SGR kati ya miji hiyo, kwa nauli ya Sh 13,000 kwa mtu mzima katika treni ya kawaida. Safari ambayo kwa basi huchukua saa nyingi zaidi, kwa treni huchukua takribani saa mbili. Anayetumia treni azingatie kuwa stesheni ya Morogoro haipo katikati ya mji, hivyo atahitaji daladala, bajaji au bodaboda kufika uwanjani. Anayetumia basi hushukia Kituo cha Msamvu. Kwa shabiki wa Turiani hakuna reli hiyo, na basi limebaki kuwa tegemeo lake.

Mambo ya kuzingatia

Shabiki ambaye timu yake imehamishiwa uwanja mwingine anashauriwa kufanya yafuatayo:

- Kuthibitisha uwanja, tarehe na saa katika tangazo rasmi la Bodi ya Ligi au la klabu kabla ya kulipa nauli, kwa kuwa ratiba huweza kubadilishwa.
- Kununua tiketi katika vituo au mifumo iliyotangazwa, na kuepuka walanguzi.
- Kuthibitisha muda wa basi au treni ya mwisho ya kurudi, na kuchukua namba ya kiti mapema.
- Kujiandaa kwa mvua. Michezo ya kati ya Machi na Mei huangukia masika, na wingu la Uluguru linaweza kushuka ghafla hata kama asubuhi ilikuwa na jua.
- Kufahamu mlango wa kuingilia na wa kutokea, hasa kwa wanaoongozana na watoto, wazee au watu wenye ulemavu.
- Kuheshimu wenyeji wa mji. Timu inakuwa mwenyeji kwa dakika 90, lakini uwanja, mitaa na majirani ni vya watu wanaobaki baada ya mabasi kuondoka.

Kwa viongozi wa klabu, taarifa ya mapema ndiyo huduma ya kwanza kwa shabiki. Mtu aliyejulishwa wiki mbili kabla anaweza kubadilishana zamu na mwenzake au kuchanga nauli na wenzake wa tawi. Aliyejulishwa juzi yake hubaki nyumbani, na timu huingia uwanjani ikiwa mwenyeji bila watu wake.