Mashine ya Kawaida na Mashine ya Daraja la Juu

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Katika treni zilizopita juu ya reli ile kwa miaka mingi abiria waligawanywa kwa madaraja: la kwanza, la pili na la tatu. Wa daraja la kwanza alijinyosha kitandani; wa daraja la tatu alikaa usiku kucha juu ya ubao. Wakati wa ukoloni mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa rangi za watu, na wengi hawakuwa na la kuchagua. Walakini jambo moja lilikuwa sawa kwa wote: treni ilipoingia Kisumu, wa kitandani na wa ubaoni waliteremka saa ile ile.

Mfano huu wafaa kutuongoza katika swali linalowasumbua vijana wengi wa siku hizi na wazazi wao. Viwanda vinavyotengeneza mashine za michezo ya video, ziitwazo konsoli, vimekuwa na desturi ya kuleta sokoni mashine mbili za ukoo mmoja: moja ya kawaida na moja ya daraja la juu. Mnunuzi huambiwa achague. Je, achague ipi? Watu hujibu upesi kwa methali. Mmoja husema, "Rahisi yavunja upishi," akanunua ya bei kubwa. Mwingine husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akabaki na ya kawaida. Methali zote mbili ni za kweli, lakini hakuna hata moja itujulishayo ni lini itumike. Hilo lataka tuitazame historia.

Konsoli ya kwanza iliyouzwa kwa ajili ya nyumbani ilikuwa Magnavox Odyssey, iliyotokea Marekani mwaka 1972. Ilichora vitone na mistari tu katika kioo cha televisheni. Baadaye zikaja za Wajapani: Famicom ya kampuni ya Nintendo mwaka 1983, na PlayStation ya kampuni ya Sony mwaka 1994. Katika miaka hiyo swali la mnunuzi lilikuwa achague kampuni gani. Swali la kuchagua daraja ndani ya kampuni moja lilipata nguvu tarehe 22 Novemba 2005, kampuni ya Microsoft ilipoanza kuuza Xbox 360 kwa namna mbili. Ya chini, iliyoitwa Core, iliuzwa dola 299.99, ya juu iliuzwa dola 399.99.

Tofauti ya dola 100 ilionekana kuwa akiba nzuri. Lakini mashine ya chini haikuwa na diski kuu ya kuhifadhia kumbukumbu. Mchezaji aliyeshinda hatua kumi hakuwa na mahali pa kuuweka ushindi wake; akizima mashine, kesho yake huanza upya, isipokuwa amenunua kifaa kingine cha kuhifadhia. Diski kuu yenyewe iliuzwa peke yake kwa dola 99.99. Basi aliyeikimbia bei ya juu aliifikia kwa njia ya kuzunguka, na bado padi yake ilikuwa ya waya, ilhali mwenzake alikuwa na padi isiyo na waya. Mwaka 2007 Microsoft iliiondoa Core, ikaleta nyingine ya bei nafuu iliyofungashwa pamoja na kifaa cha kumbukumbu.

Mwaka 2006 Sony nayo ilileta PlayStation 3 kwa namna mbili: ya gigabaiti 20 kwa dola 499, na ya gigabaiti 60 kwa dola 599. Ile ya chini haikuweza kupokea intaneti pasipo waya. Haukupita mwaka, Sony ikaacha kuiuza katika Marekani. Hapo twaweza kuona kwamba daraja la chini la miaka ile lilikuwa kama treni inayowashusha abiria wake kabla ya kufika Kisumu. Alichokosa mnunuzi si starehe tu, bali ni sehemu ya safari yenyewe.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba ya bei ndogo ni mbaya siku zote. Mwaka ule ule wa 2006 Nintendo iliuza konsoli yake ya Wii kwa dola 249.99. Picha zake hazikuwa kali kama za wenzake, lakini kazi iliyoahidi iliifanya kwa ukamilifu, nayo ikauzwa zaidi ya milioni 100 duniani, ikaipita PlayStation 3. Watu walikubali kupoteza ukali wa picha kwa kuwa mchezo wenyewe ulibaki mzima.

Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Sony ilitoa PlayStation 4 Pro kwa dola 399, huku ile ya kawaida, iliyopunguzwa umbo, ikiuzwa dola 299. Safari hii ya chini haikunyimwa kiungo kilicho cha lazima kwa mchezo. Michezo ile ile ya PlayStation 4 iliingia katika mashine zote mbili. Ya juu ilizidi kwa nguvu za kuchora picha, hasa kwa wenye televisheni za 4K. Hiyo ndiyo tofauti ya kitanda na ubao: raha imezidi upande mmoja, lakini wote wanafika.

Kisha likaja jambo ambalo halikutazamiwa na wengi. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, iliuzwa kwa namna mbili: yenye kisoma diski kwa dola 499, na isiyo na kisoma diski kwa dola 399. Aliyechukua ya pili alilazimika kupata kila mchezo kwa njia ya intaneti. Tarehe 7 Novemba 2024 ikatoka PlayStation 5 Pro. Sony ilieleza kuwa uchoraji wake wa picha ni wa kasi zaidi kwa asilimia 45, ikaipa hifadhi ya terabaiti 2, ikaiuza dola 699.99. Lakini kisoma diski hakimo ndani yake. Atakaye hukinunua kando. Kwa mara hii mashine ya daraja la juu ndiyo iliyokuja ikiwa imepungukiwa kiungo.

Jambo hili lina uzito gani kwa mtu wa Kisumu? Tulipime kwa mizani ya mahali petu. Katika mitaa kama Kondele, Manyatta na Nyalenda, na katika miji midogo ya ukingoni mwa ziwa, vijana wengi huijua konsoli kwanza katika kibanda cha michezo, ambapo hulipa fedha kidogo kwa kila mechi ya mpira wa miguu. Wachache walio na konsoli nyumbani huithamini diski kwa sababu diski ni mali. Mtu huweza kuinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaichezea, akaiazima kwa jirani, kisha akaiuza na kununua nyingine. Mchezo uliopatikana kwa intaneti haukopesheki wala hauuziki tena. Kadhalika, mchezo mmoja mkubwa huweza kufikia gigabaiti 100. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa, intaneti ya Kenya imekuwa bora kuliko zamani; lakini mwenye kununua intaneti kwa vifurushi vya simu aijua gharama ya gigabaiti 100. Kwa mtu huyo, kisoma diski ni sehemu ya chakula chake, wala si pambo la mezani.

Tuitazame na televisheni. Televisheni ya HD kamili huonyesha vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla yake 2,073,600. Televisheni ya 4K huonyesha 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400, yaani mara nne. Nguvu nyingi za mashine ya daraja la juu zimekusudiwa kuujaza uwanja huo mpana. Mtu aliye na televisheni ya HD akinunua mashine hiyo atapata faida kiasi, lakini sehemu kubwa ya alicholipia haitaonekana machoni pake. Ni kama kumimina debe la maji katika kibuyu: maji ni mengi, lakini kibuyu hupokea kipimo chake tu. Wala tusiusahau umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 ulikatika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, na usiku ule mashine zote zilikuwa za daraja moja.

Sasa tuifanye hesabu ya mwenye kibanda. Kwa bei za mwisho wa mwaka 2024 katika Marekani, tofauti kati ya PlayStation 5 yenye kisoma diski na PlayStation 5 Pro ilikuwa dola 200, karibu shilingi 26,000 za Kenya, kabla ya kutia kodi na nauli. Tuseme mteja hulipa shilingi 20 kwa mechi ya dakika kumi. Shilingi 26,000 ni mechi 1,300, nazo ni zaidi ya saa 200 za kucheza, za kurudisha ile tofauti tu, mbali na bei ya mashine yenyewe. Kama mteja hatalipa zaidi kwa ajili ya picha kali, na kama idadi ya wateja haitaongezeka, basi mwenye kibanda amewanunulia wateja zawadi kwa mtaji wake. Fedha hizo zingemfaa zaidi akinunua padi za akiba, maana padi ndiyo inayochakaa kwanza, au akiziweka kuwa mwanzo wa kununua mashine ya pili. Mashine mbili za kawaida huchezesha makundi mawili kwa wakati mmoja. Mashine moja ya fahari huchezesha moja.

Mtu aweza kuuliza: Je, hakuna siku ambayo chombo cha bei kubwa hustahili kununuliwa? Iko, na wavuvi wa Ghuba ya Winam waliiona. Zamani watu wa ghuba hiyo walivua kwa madema na kwa vizuizi vya mafunjo. Mwaka 1905 zililetwa nyavu za uzi wa kitani, ambazo zilinasa ngege wengi kuliko mitego ya zamani. Lakini kitani huoza. Kilitaka kuanikwa na kutunzwa. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni. Nailoni haikuoza majini, na ilinasa samaki zaidi. Mvuvi aliyelipia nailoni hakulipia mng'ao. Alilipia kuondokewa na hasara iliyokuwa ikimrudia kila msimu. Kwamba wingi wa nyavu uliwapunguza ngege ziwani ni kisa kingine kizito. Lakini kwa mvuvi mmoja aliyesimama mbele ya nyavu mbili, sababu ya kuongeza bei ilikuwa dhahiri, na aliweza kuieleza kwa maneno machache.

Hicho ndicho kipimo tunachokitafuta. Mwenye televisheni ya 4K, umeme wa kutegemewa na intaneti isiyopimwa kwa vifurushi, naye anapenda picha safi na fedha anazo, hana kosa kununua mashine ya daraja la juu. Ataitumia kwa ukamilifu wake. Asiye na hayo atakuwa amelipia tiketi ya treni isiyofika kwao.

Vijana mnaosoma habari hizi, iko siku mtasimama mbele ya dirisha la duka, iwe ni kwa konsoli, simu, baiskeli au cherehani. Muuzaji atawaonyesha kilichoongezwa katika ile ya bei kubwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Ninyi ulizeni kwanza ni nini kilichoondolewa katika kila moja, hata katika ile ya juu. Ulizeni pili kama nyumba mtakakoipeleka yaweza kukipokea kilichoongezwa. Ulizeni tatu, tofauti ya bei ingefanya kazi gani nyingine kama ingebaki mfukoni. Kwa jamaa nyingi za Kisumu shilingi 26,000 ni karo, au ni bati la paa, au ni mtaji wa mama auzaye samaki. Mzazi anayesita kuzitoa si lazima awe bahili, na kijana aliyekwisha kuyapima maswali hayo matatu ataweza kuzungumza naye kwa adabu na kwa hoja, wakaamua pamoja.