Kanda Iliyofika Mikumi Kabla ya Mgombea

Mwaka 2001 albamu ilikuwa kitu cha kushika mkononi: kaseti yenye upande A na upande B, picha ya msanii kwenye karatasi ndani ya kasha, na kalamu ya risasi pembeni kwa siku utepe utakapojisokota. Hivyo ndivyo ilivyoingia mitaani *Machozi, Jasho na Damu*, albamu ya kwanza ya Joseph Haule akiwa peke yake. Nchi ilimjua kwa jina la Professor Jay. Miaka 14 baadaye alikuwa kwenye karatasi ya kura ya jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha msanii aliyechoka na jukwaa akakimbilia siasa. Mimi sioni hivyo. Siasa ilikuwemo ndani ya kanda ile tangu mwanzo, na wapiga kura walikuwemo pia, wakiitikia.

Mkoa wa Morogoro ulikuwa na muziki wake zamani kabla ya kaseti hiyo. Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz: hawa waliufanya mji wa Morogoro utajwe kwa heshima na wapenzi wa dansi Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo vijana walipoanza kuchana mistari juu ya midundo ya Kimarekani, wazee wa huko walikuwa na kipimo chao, na kipimo hicho kilikuwa gitaa la Mbaraka. Rap waliiona kelele. Wengine waliita uhuni, na neno hilo liliganda kwa miaka.

Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby" akautilia maneno ya Kiswahili, watu wakacheka kisha wakacheza. Halafu akaja Joseph Mbilinyi, yaani Mr II au Sugu, na albamu zake za katikati ya miaka ya 1990, akithibitisha kwamba kijana wa Kitanzania anaweza kuusema ugumu wa maisha yake kwa lugha yake bila kuazima ghetto ya mtu mwingine. Redio nazo zilikuwa zimefunguka. Awali sauti ilikuwa moja, Radio Tanzania. Kuanzia 1994 Radio One ikawapa vijana masikio mapya, kisha Clouds FM ikaja mwishoni mwa muongo.

Haule alikulia kisanii katika kundi la Hard Blasters, pamoja na Fanani na Big Willy. Wimbo wao "Chemsha Bongo", kutoka albamu ya *Funga Kazi*, ulionyesha kipaji ambacho wengi hawakukitarajia kwa mwana-hip hop: kusimulia hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, kwa maneno ambayo mama muuza vitumbua angeyaelewa. Alipoamua kutoka peke yake alilitupa jina lake la kijiweni la Kimarekani akajivika uprofesa, na akaenda studio ya Bongo Records kwa P-Funk Majani, mtayarishaji ambaye midundo yake ndiyo iliyoupa muziki wa miaka ile sura yake.

Ndani ya kanda hiyo mna wimbo wa "Bongo Dar es Salaam", picha ya jiji la wajanja na waliojanjarukiwa. Ni wimbo mzuri. Lakini uliozidi zote, na ambao mpaka leo ukipigwa kwenye daladala abiria wa makamo huinua kichwa, ni "Ndio Mzee".

Mpangilio wake ni mkutano wa kampeni. Mgombea anapanda jukwaani, anaahidi. Umati unaitikia kwamba ndiyo, mzee. Anaahidi zaidi, wanaitikia tena. Ahadi zinapanda ngazi mpaka zinafika mwezini, na bado hakuna anayenyoosha mkono kuuliza. Wengi walisikia dhihaka dhidi ya wanasiasa, na hawakukosea. Ila mimi nikiusikiliza sasa naona kisu chenye makali zaidi kimeelekezwa kwa waitikiaji. Mgombea anasema uongo kwa sababu ndiyo kazi aliyojia pale. Umati je? Wimbo ule usingekuwa na kiitikio kama mtu mmoja tu katikati ya uwanja angesema hapana.

Hapo ndipo wazazi waliponaswa. Hawakuhitaji kujua hip hop ni nini ili wacheke. Mikutano ya namna hiyo walikuwa wameihudhuria wenyewe. Baadaye Professor Jay aliuendeleza mkasa kwa "Siyo Mzee", umati ukiwa umebadilisha jibu. Nadhani ule wa kwanza unauma zaidi, kwa kuwa unatuacha tukiwa bado tunapiga makofi.

Sasa itazame wilaya yenyewe. Kilosa mjini ni mji wa reli, uliokuzwa na njia ya kati ya Wajerumani na mashamba ya mkonge, na wenyeji wanaijua hofu ya mto Mkondoa ukifurika. Desemba 2000, mwaka mmoja kabla ya kaseti ile, ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji ulisababisha wakulima 38 kuuawa Rudewa Mbuyuni. Kusini yake kuna jimbo la Mikumi: mji wa Mikumi juu ya barabara kuu iendayo Zambia, hifadhi iliyoanzishwa 1964, na upande wa Ruhembe miwa inayolisha kiwanda cha sukari. Tembo huvuka barabara, mabasi hupunguza mwendo, na mkulima wa miwa husubiri malipo. Maji, barabara, mipaka ya mashamba: haya ni mambo ambayo kila mgombea aliyewahi kusimama hapo ameyaahidi.

Mwaka 2010 Sugu alishinda ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 Haule akaifuata njia hiyo Mikumi, kwa chama hichohicho, akamshinda Jonas Nkya wa CCM katika ushindani mkali. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ile, unapita jimbo la Joseph mmoja kabla ya kufika kwa mwingine. Afande Sele, mwanarap wa Morogoro, naye aligombea mwaka huo Morogoro Mjini kupitia ACT-Wazalendo, lakini kura hazikutosha.

Mtu aliyeigiza mgombea mwongo alikuwa sasa mgombea wa kweli, mbele ya watu waliokariri kiitikio chake. Sijui kipimo kikali kuliko hicho kwa mwanasiasa.

Kisha historia ikafanya utani wake. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya kisiasa ikazuiwa, wabunge wakiachiwa kukutana na watu majimboni mwao tu; zuio hilo liliondolewa Januari 2023. Bwana aliyepata jina kwa kipaza sauti na umati akatumikia Bunge ambalo wapiga kura wake hawakuweza kulitazama likiendelea, na katika nchi ambayo mkutano wa "Ndio Mzee" usingepewa kibali nje ya jimbo lake.

Oktoba 2020 Denis Londo wa CCM alikichukua kiti cha Mikumi. Sugu naye aliangushwa Mbeya na Tulia Ackson. CHADEMA, iliyoyapinga matokeo ya uchaguzi ule, ilibaki na jimbo moja tu nchi nzima.

Baada ya hapo maradhi yalimlaza Haule kwa muda mrefu, na mwaka 2023 alirudi na wimbo wa "Siku 462", ambao jina lake ni hesabu ya siku za kuugua. Wimbo ninaousubiri mimi ni mwingine. Mwaka 2001 alimwigiza mheshimiwa kwa kumtazama kutoka uwanjani, akiwa kijana. Sasa amekwisha kukaa Dodoma miaka mitano, amesimama Ruhembe na Kidodi akiulizwa maji yako wapi, na ameshindwa uchaguzi. Ningependa kumsikia mgombea wa safari hii anasema nini, na zaidi, umati wa Mikumi unaitikiaje.