Haki ya Kuijua Njia: Sheria za Safari Rally kutoka Langa Langa hadi Olkaria

Katika mbio za magari za nyika, sheria nzito kuliko zote haihusu mwendo bali maarifa: nani ameiona njia kabla ya siku ya mbio, ameiona mara ngapi, na kwa ruhusa ya nani. Safari Rally ilianza mwaka 1953 bila kuliuliza swali hilo. Miaka 70 baadaye, mwaka 2023, dereva mashuhuri alifutwa kwenye matokeo kwa sababu ya swali hilohilo, na njia zilizozua shauri ni zile za Naivasha, katika nchi inayozunguka visima vya mvuke vya Olkaria.

Chimbuko la mbio hizi nalo lina mizizi katika Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Eric Cecil, mmoja wa viongozi wa mchezo wa magari nchini Kenya, alimwalika binamu yake Neil Vincent ashindane katika uwanja wa Langa Langa, bondeni humo. Vincent hakutaka. Kuzunguka barabara ileile tangu asubuhi hadi jioni aliona ni kazi ya kuchosha tu. Alichotaka ni mbio za kutoka mlangoni, kuingia garini na kuvuka nusu ya Afrika kabla ya kurudi. Kutokana na mazungumzo hayo yakazaliwa mashindano ya East African Coronation Safari, yaliyofanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia zake zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kanuni za mwaka huo zilikuwa chache, na zilitungwa na watu waliotaka usawa. Magari yalipaswa kuwa yale yale yanayouzwa madukani, bila kuongezewa nguvu. Yaligawanywa katika madaraja kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili mwenye gari la bei nafuu apimwe na wenzake. Ushindi haukuhesabiwa kwa kasi. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila gari lilikuwa na kadi ya muda. Aliyechelewa alipewa alama za adhabu kwa dakika alizochelewa, na mwenye alama chache zaidi ndiye aliyekuwa mbele.

Kadi hiyo ndiyo iliyobeba mashindano yote. Kati ya kituo na kituo kulikuwa na mamia ya kilomita za barabara za umma, zisizofungwa, zenye malori, mabasi, baiskeli na ng'ombe wanaopelekwa mtoni. Hapakuwa na jicho la mwamuzi humo. Mtu wa kituo alikaa na saa na kalamu, wakati mwingine usiku kucha katika mvua ya Aprili, akaandika dakika ambayo gari lilifika, na neno lake likawa la mwisho. Mbio za namna hiyo haziwezi kuendeshwa mahali ambapo watu hawaaminiani, na inafaa kukumbuka kwamba ziliendeshwa hivyo kwa zaidi ya kizazi kizima.

Katika zama hizo kuijua njia kulikuwa ndiyo sanaa yenyewe. Aliyejua ni mto gani hufurika baada ya mvua ya saa moja, ni mteremko gani wa Mau una utelezi, na ni kijiji gani chenye vijana wa kusukuma gari lililozama kwenye tope, huyo alikuwa na nusu ya ushindi mkononi. Hakuna aliyeuita ujuzi huo udanganyifu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza tena 7, na waliotangulia walikuwa wawili hao hao, kwa gari la aina ileile. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mbele ya magari mapya yaliyotumwa na viwanda vya ng'ambo. Kwa karibu miaka 20 wageni walikuja na fedha, mafundi na madereva wenye majina, wakarudi bila kombe.

Ilikuwa mwaka 1972 ambapo Hannu Mikkola wa Finland na mwelekezi wake Gunnar Palm wa Sweden waliivunja ngome hiyo kwa Ford Escort. Siri haikuwa gari pekee. Timu za viwanda zilikuwa zimejifunza kwamba maarifa ya mwenyeji yanaweza kununuliwa kwa muda: dereva anayelipwa mshahara anaweza kufika wiki kadhaa mapema, akaipita njia mara nyingi na kuandika kila kona, kila daraja na kila jiwe. Hakuna kanuni iliyovunjwa kwa kufanya hivyo. Lakini mwenye karakana Nakuru au Kisumu, aliyekimbiza gari lake mwenyewe na kurudi kazini Jumatatu, hakuwa na wiki hizo. Usawa ambao waanzilishi waliutafuta kwa kupanga magari kwa bei ulianza kuvuja kupitia tundu ambalo hawakuwa wameliona.

Mwaka uliofuata, 1973, Safari iliingia katika ubingwa mpya wa dunia, na papo hapo kanuni zikajaribiwa. Shekhar Mehta wa Afrika Mashariki na Harry Källström wa Sweden, wote kwa magari ya Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu baada ya maelfu ya kilomita. Ilibidi kanuni ya kutenganisha waliolingana itumike, na Mehta akapewa ushindi. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na hakuna aliyempita katika hesabu ya makombe ya Safari.

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ya helikopta. Kwa kuwa barabara hazikufungwa, kila timu kubwa ilirusha chombo juu ya gari lake ili kumwonya dereva kwa redio kuhusu lori au kundi la mbuzi lililo mbele. Mafundi nao walibebwa angani pamoja na vipuri, na magari ya msaada yakangoja porini. Timu yenye helikopta iliiona njia kwa macho mawili zaidi. Isiyo nayo ilitegemea vumbi la aliyetangulia. Shirikisho la kimataifa, FIA, lilikuwa tayari linaelekea upande mwingine, wa mikondo mifupi, yaani vipande vya njia vilivyofungwa kwa umma, na matengenezo ya sehemu moja. Safari ya mwaka 2002 ilikuwa bado na zaidi ya kilomita 1,000 za ushindani kwenye barabara zilizo wazi. Baada ya mwaka huo ikatolewa katika ubingwa wa dunia, ikaendelea kama raundi ya ubingwa wa Afrika.

Ili irudi, ilihitaji ardhi inayoweza kufungwa. Hapo ndipo Naivasha ilipopata nafasi yake, na sababu zilikuwa zimeandaliwa miongo mingi kabla, na watu waliokuwa na shughuli nyingine kabisa. Huko Olkaria visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa mwaka 1956. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na kufikia 1985 mitambo mitatu ilikuwa inatoa megawati 45. Kisima hakifikiwi bila barabara, hivyo vilima vile vikachorwa njia za vumbi zinazopinda kandokando ya mabomba. Mwaka 1984 ardhi inayopakana na mitambo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Kuzunguka Ziwa Naivasha na kuelekea Elmenteita kulikuwa na mashamba makubwa kama Loldia, Kedong na Soysambu. Hifadhi, kampuni ya umeme na mashamba yenye malango: ni maeneo ambayo mwenye ardhi anaweza kuyafunga kwa saa chache, na askari wa wanyamapori wakawaondoa pundamilia na twiga njiani kabla gari la kwanza halijapita.

Safari ilirudi tarehe 24 hadi 27 Juni 2021, baada ya ile iliyopangwa mwaka 2020 kuahirishwa kwa sababu ya korona. Ilikuwa na mikondo 18 na kilomita 320 hivi za ushindani, chini ya theluthi moja ya zile za 2002. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda, na mkondo wa mwisho, wenye alama za ziada, ulikuwa ndani ya Hell's Gate. Mwaka 2022 ukaongezwa mkondo ulioitwa Geothermal, kwa heshima ya mvuke wa chini ya ardhi.

Usimamizi wa mikondo hii hauna mfanano na ule wa mtu wa kituo mwenye kalamu, ingawa kadi ya muda bado ipo. Kila gari lina dakika yake. Kabla ya kituo kuna kibao cha njano, kisha cha rangi nyekundu. Gari likiingia katikati ya vibao hivyo kabla ya wakati wake limekosea, na ndiyo maana watazamaji wa Naivasha huona magari yenye kasi kubwa yakiwa yamesimama kimya pembeni, waelekezi wakitazama saa. Kuchelewa dakika moja ni adhabu ya sekunde 10. Kuwahi dakika moja ni adhabu ya sekunde 60. Mgeni hushangaa kwa nini anayewahi aumie zaidi, lakini sababu yake ni nzito: gari linalowahi ni gari lililokimbizwa kwenye barabara ya umma kati ya mkondo na mkondo, mbele ya watoto wa shule na waendesha bodaboda. Mwanzoni mwa mkondo mitambo ya kielektroniki hugundua gari lililotangulia taa, na setilaiti hufuatilia kila gari hadi mwisho.

Kuhusu kuijua njia, kanuni ya leo ni kinyume cha desturi ya Nowicki na Joginder. Siku chache kabla ya mbio, kila dereva na mwelekezi wake huruhusiwa kuupita kila mkondo mara mbili tu, kwa gari la kawaida na kwa mwendo uliowekewa kikomo. Katika mara ya kwanza huandika maelezo ya kona na mashimo. Katika ya pili huyasahihisha. Zaidi ya hapo, kuingia katika eneo la mkondo bila ruhusa ni kosa, na kosa hilo haliishii kwa dereva mwenyewe. Anayetumwa au anayehusiana naye akienda huko, ni kama ameenda yeye.

Hilo ndilo lililomfika Thierry Neuville wa Ubelgiji mwezi Juni 2023. Alikuwa amemaliza wa nane kwa gari la Hyundai, baada ya kupoteza muda mwingi kwa hitilafu. Waamuzi waliona kwamba kanuni za kukagua njia zilikuwa zimevunjwa kupitia mtu aliyehusiana naye, wakamwondoa kwenye matokeo. Nafasi ya nane si ushindi, na wapo watakaoona adhabu ilizidi kosa. Lakini tangu 1972 tundu hili ndilo lililokuwa likivujisha usawa wa Safari, na kuliziba kwa dereva wa timu kubwa, tena kwa nafasi isiyo na utukufu, kulionyesha kwamba waamuzi wanapima kosa lenyewe, si faida iliyopatikana.

Si kila uungwana unaotokana na woga wa adhabu. Gari likianguka, kanuni zinawataka walio ndani waonyeshe kibao cha OK wakiwa salama, au cha SOS wakihitaji msaada. Anayekuja nyuma akiona SOS lazima asimame, hata kama anaongoza, na waamuzi humpa muda wa haki badala ya ule aliopoteza. Katika zama za barabara wazi jambo hilo lilikuwa desturi tu, kama ilivyo desturi ya msafiri yeyote Afrika Mashariki kusimama penye gari lililoharibika gizani. Kusukumwa na wananchi pia kumebaki. Fundi wa timu haruhusiwi kugusa gari nje ya eneo la matengenezo, lakini watazamaji wanaoliinua gari lililokwama kwenye vumbi laini la Kedong wanafanya walichokifanya babu zao kwenye tope la Mau.

Katika miaka hiyohiyo njia za Kenya zilipata umbo la pili, kwenye skrini. Mashindano ya kielektroniki ya ubingwa wa dunia wa rally yalianza mwaka 2016, na bingwa wa mwaka 2018, Jon Armstrong wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa pia dereva wa magari halisi. Mchezo wa WRC 9, uliotoka Septemba 2020, uliiweka Safari Rally miongoni mwa mashindano yake mapya. Hivyo mwaka ambao korona iliwanyima watu mbio halisi, vijana wa mbali waliziendesha nyikani mwa Kenya kabla ya Ogier kufika. Mpango wa FIA wa kutafuta vipaji, Rally Star, nao uliutumia mchezo huo kama mlango mmojawapo wa kuingilia.

Kwenye skrini kikomo cha mara mbili hakina maana. Kila mshindani anaweza kuipita njia ileile mara elfu moja chumbani kwake, na kwa hilo wote wako sawa. Udanganyifu umehamia kwenye programu na vifaa, na bado mara nyingi unahusu kuona kisichopasa kuonwa. Septemba 2020, tume ya uadilifu ya michezo ya kielektroniki, ESIC, iliyoundwa mwaka 2016, iliwaadhibu makocha 37 wa mchezo wa Counter-Strike. Walikuwa wametumia kasoro ya programu iliyomwezesha kocha kutazama sehemu ya uwanja ambayo wachezaji wake hawakuweza kuiona. Ushahidi ulitoka katika rekodi za michezo iliyokwisha kuchezwa, mingine miaka kadhaa nyuma. Rekodi ilifanya kazi ambayo huko Safari ilifanywa na kadi ya muda, kisha na setilaiti. Mwezi Novemba 2023, miezi mitano baada ya Neuville kuondolewa kwenye matokeo, mchezo mwingine rasmi, EA Sports WRC, ulianza kuuzwa ukiwa na Safari Rally ya Kenya ndani yake, na yeyote aliyeununua aliweza kuzipita njia zake mara nyingi kadiri alivyotaka.