Materneli ya Kikatoliki katika Ndosho, Goma

Materneli ya Kikatoliki ni shule ya watoto wa miaka 3 hadi 5, inayosimamiwa na parokia au shirika la watawa, ambamo mtoto hukaa hadi miaka mitatu kabla ya kuingia darasa la kwanza la primeri (shule ya msingi). Tanzania na Kenya wangeiita chekechea. Makala hii inaeleza siku ya kawaida ya darasa kama hilo katika Ndosho, kata ya komine ya Karisimbi iliyo magharibi ya jiji la Goma, Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC), kwenye barabara iendayo Sake. Inaeleza pia yale ambayo mwalimu, mzazi na Kanisa wanayatazamia kwa mtoto, maana mara nyingi watatu hao hawatazamii jambo moja.

Mahali

Volkano ya Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya lava iliyoganda, nyeusi na yenye makali. Jambo hilo linaamua mengi shuleni kuliko mgeni anavyodhani. Uwanja wa kuchezea usiposawazishwa na kumwagiwa changarawe laini, magoti ya watoto hayaponi. Viatu vinavyofunika vidole ni ulinzi kabla ya kuwa sehemu ya sare. Jiji halina mto, na maji ya mvua hupenya haraka kwenye mawe, kwa hiyo shule huyakinga kutoka kwenye mabati na kuyaweka kwenye tangi, au hununua maji ya mabidoni ya njano.

Magharibi ya jiji kuna pia mazuku, mabonde na mashimo ambamo gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini hukusanyika. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini, na kwa sababu hiyo humdhuru mtoto mfupi kabla ya mtu mzima aliyesimama kando yake. Mtoto wa huku hukatazwa kushuka shimoni hata kabla hajajua kuhesabu hadi kumi.

Usimamizi

Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Mambo hayakwenda vizuri, na tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa walitia saini mkataba uliorudisha usimamizi mikononi mwa dini, huku programu na ukaguzi vikibaki kwa serikali. Shule za Kikatoliki za Kongo zinaendeshwa hadi leo kwa msingi huo, na katika Goma zimo chini ya uratibu wa jimbo Katoliki la Goma. Milango iko wazi kwa watoto wa madhehebu mengine, na katika Ndosho, ambako hospitali kubwa ni ya Waprotestanti wa jumuiya ya CBCA, hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 inahusu shule za primeri za umma. Materneli imebaki nje, na mzazi hulipa minervali, yaani ada ya shule. Kutokana na hali hiyo, katika nchi nzima watoto waliopita materneli ni wachache kuliko wanaoanza primeri bila kuwahi kushika chaki.

Asubuhi

Mlango hufunguliwa karibu na saa moja na nusu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi yake ina baridi, kwa hiyo watoto hufika na sweta juu ya sare. Mmoja ameshikwa mkono na dada anayesoma primeri ya hapohapo, mwingine ameletwa na mama anayekimbilia sokoni, wengine wamebanwa watatu juu ya pikipiki ya kukodi. Mlangoni kuna ndoo yenye koki na sabuni, na hakuna apitaye bila kunawa. Goma ina sababu zake. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wakati huo Ndosho ilikuwa na kituo kikubwa cha watoto waliopotezana na wazazi wao. Julai 2019 Ebola ilifika mjini. Mikono ya watoto huangaliwa pande zote mbili, na kucha pia.

Kisha mstari. Mtoto wa miaka 3 hajui mstari ni nini, na wiki za kwanza za Septemba huishia katika kufundisha jambo hilo moja: kusimama nyuma ya mwenzako bila kumvuta sweta. Mwalimu huitwa *Madame*, awe ameolewa au hajaolewa. Mtawa huitwa *Ma Sœur*. Watoto humwamkia kwa Kifaransa, wote kwa sauti moja, hata wale ambao sentensi hiyo ndiyo Kifaransa chao chote.

Ndani ya darasa sala huja kwanza. Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, kisha wimbo wenye vitendo vya mikono. Anayetumia mkono wa kushoto hushikwa kwa upole na kupewa wa kuume. Inafaa kuangalia lugha: masomo yatakuwa ya Kifaransa kadiri iwezekanavyo, lakini sala kwa kawaida husemwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mtoto ataisikia kanisani Jumapili na nyumbani kabla ya kulala.

Baada ya kuitwa majina, watoto hukaa nusu duara na kusema leo ni siku gani, kuna jua au mvua, nani hayupo. Swali la mwisho si la kujaza muda. Mtoto asiyekuwepo huombewa kwa jina, na kwa njia hiyo wenzake huzoea kwamba mtu akikosekana lazima atafutwe.

Kazi zenyewe ni fupi, dakika ishirini hivi, kwani umakini wa mtoto wa umri huu hauendi mbali zaidi. Kuna mazoezi ya mwili, ya kusikia na kugusa, ya lugha, ya kupanga na kuhesabu, kuchora, kufinyanga, kuimba. Maharagwe, vizibo vya chupa na vijiti hufanya kazi ya vifaa vya dukani. Fikra ya kumfundisha mtoto kupitia vidole vyake si ngeni kwa Kanisa: Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Mwalimu wa Ndosho asiyemjua Montessori hata kwa jina humwaga maharagwe mezani na kumwambia mtoto atenge meupe na mekundu, na somo ni lilelile.

Choo hakimo katika ratiba ya ukutani, ilhali ndicho kinachomchosha mwalimu. Watoto hupelekwa kwa makundi, wakubwa wakivua na kuvaa wenyewe, wadogo wakisaidiwa. Mtoto akijua kusema haja yake kabla haijamtoka, mwaka wake wa kwanza umekwenda vizuri, hata kama hajui herufi moja.

Rekreasyo (mapumziko) na kikapu

Saa nne hivi vikapu hufunguliwa, lakini si kabla chakula hakijabarikiwa. Humo mna mkate, andazi, ndizi, viazi vya kuchemsha, uji kwenye chupa. Hapa ndipo tofauti za nyumbani hujitokeza mezani, na mwalimu mwenye busara huliona jambo hili mapema. Yupo aliyepewa biskuti za pakiti na maji ya matunda ya dukani, na yupo ambaye kikapu chake ni cha kuonekana tu, ndani hamna kitu. Baadhi ya shule hukataza vitafunio vya gharama, nyingine hupika uji wa wote na kuuingiza katika ada. Njia ya pili ni bora, ingawa ada huongezeka.

Watoto hufundishwa kugawana. Hilo ni fundisho la Injili na la kila bibi wa Kivu. Nyakati za mlipuko wa ugonjwa agizo hugeuka: usinywe kwenye kikombe cha mwenzako, usiume andazi lake. Mafundisho mawili mema hugongana juu ya andazi moja. Wakati kama huo mwalimu hukata kipande kwa mikono aliyokwisha kunawa, akampa asiyekuwa nacho, na darasa linaendelea.

Baada ya kula ni mchezo. Halafu hadithi, au utulivu wa vichwa juu ya meza, wimbo, na sala ya kuagana kabla ya saa sita. Kanuni ya kutoka ni kali kuliko zote: mtoto hutolewa mikononi mwa mtu anayejulikana na shule, na anayetumwa kwa mara ya kwanza lazima awe ametajwa na mzazi mwenyewe. Mjomba akasirike anavyotaka.

Dini bila katekisimu

Sheria ya Kanisa (kanuni 97) humhesabu aliye chini ya miaka 7 kuwa mtoto mchanga, asiyehesabiwa bado kuwa na matumizi ya akili. Kwa hiyo materneli haiandai Komunyo ya kwanza wala haina mtihani wa dini. Mtoto hujifunza kwa kuona na kuiga: kupiga goti, kunyamaza mbele ya msalaba, kuomba msamaha akimpiga mwenzake, kushukuru. Mwaka hupimwa kwa pango la Noeli, majivu ya Kwaresima, Jumapili ya Matawi, Pasaka, na miezi ya Mei na Oktoba ambayo ni ya Mama Maria.

Watakatifu wanaosimuliwa ni wa karibu. Kizito, mdogo kuliko wote kati ya mashahidi wa Uganda, aliyeuawa Namugongo mwaka 1886, na Mwenye heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964, wameunganishwa katika jina la chama cha watoto Wakatoliki wa Kongo, Kizito-Anuarite, ambacho wadogo wa materneli huwaona kaka na dada zao wakikiendea. Sasa Goma ina wake: Floribert Bwana Chui, kijana aliyefanya kazi katika ukaguzi wa bidhaa mpakani na kuwasaidia watoto wa mitaani katika Shule ya Amani ya jumuiya ya Sant'Egidio. Aliuawa Julai 2007 kwa kukataa hongo ya kuruhusu chakula kilichoharibika kiingie mjini, na akatangazwa Mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Mtoto wa miaka 4 hajui hongo ni nini, lakini mtu aliyekataa watoto walishwe chakula kibovu anamwelewa mara moja.

Kinachotarajiwa

Shule humtarajia mtoto afike kwa wakati, awe safi, asikilize, angoje zamu yake na aseme ukweli. Fimbo haina mahali hapo: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu shuleni itolewe kwa kumheshimu mtoto kama binadamu. Wapo wazazi wanaouliza kama mtoto asiyechapwa anafundishwa kweli.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa kaye (daftari) na Kifaransa. Mzazi aliyelipa minervali kwa shida anataka kuona kurasa zilizojaa, na mwishoni mwa muhula swali lake ni lile linaloulizwa kote Kongo: alipata asilimia ngapi? Kuna mantiki ndani yake. Tangu 2019 madarasa ya kwanza ya primeri yamefurika, na aliyefika akijua kuandika jina lake haachwi nyuma kirahisi. Lakini mtoto aliyelazimishwa kushika kalamu akiwa na miaka 3 huishika vibaya, na kumrekebisha baadaye ni kazi. Mbele ya mwalimu wamekaa watoto wa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazikubali lugha za nchi kama lugha za kufundishia, na shule inayoharakisha Kifaransa huishia kupata watoto wanaokariri nyimbo wasizozielewa. Walimu wanaochelewesha kaye wana haki. Mahafali ya materneli, yenye joho na kofia za kukodi, yangeweza kuachwa bila hasara yoyote.

Mwaka unapokatika

Mei 2021 barabara ya Sake ilijaa familia zilizokimbia mlipuko wa Nyiragongo. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, waasi wa M23 wakauteka mji, shule zikafungwa kwa muda, na benki zilipofungwa pia fedha taslimu zikawa adimu na minervali zikachelewa. Baada ya mapumziko kama hayo mwalimu huanza upya na mstari, ndoo ya maji, sala ileile na majina. Watoto waliorudi na hofu hutulia kwanza kwa kujua ni nini kitafuata saa nne, na mwalimu anayeruka hayo ili kufidia kurasa za kaye hupoteza muda.

Mzazi anayetafuta nafasi Ndosho asiishie ofisini kuuliza ada. Aende wakati wa rekreasyo, aangalie kama ndoo ya mlangoni ina maji, kama uwanja hauna mawe makali, na nini hufanyika kwa mtoto ambaye kikapu chake ni kitupu.